Siku Sabini Kifuani kwa Mama Zaituni

Ninaandika haya asubuhi, nimeketi barazani, na kikombe cha chai nimekinywa hadi mwisho. Mtu ambaye hajaugua ugonjwa wangu ataona hilo ni jambo dogo. Aliyeugua atajua nimetoka wapi. Nawaandikia hasa wazee wenzangu waliogeukia ukuta, na watu wa nyumbani mwao wanaosimama mlangoni na sahani wasijue waseme nini.

Jina nililoandikiwa ni Donatien. Kwa miaka thelathini nilifanya kazi kwenye mizani ya malori, upande wa Kingamyambo, kwenye migodi ya Kolwezi. Lori linapanda, nasoma sindano, naandika, linashuka. Madereva walinitania kwamba hata mke wangu nilimpima kabla ya kumposa. Nilijivunia kazi ile kupita kiasi. Nilifikia kuamini kwamba kila kitu duniani kina uzito wake unaojulikana, na kwamba mimi ndiye ninayeujua.

Kiburi hicho kiliniondolea binti yangu. Nitalisema mapema, kwa sababu ndilo lililokuwa likinila wakati wote wa ugonjwa, na sikumwambia mtu.

Odile, binti yetu wa pekee, alijifungua miaka saba iliyopita, katikati ya mvua. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto alikuwa msichana wa kilo moja na gramu mia mbili. Nilikwenda hospitalini mara moja tu. Odile alikuwa kitandani, mtoto amefungwa kifuani pake ndani ya kitenge, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi walivyomfundisha. Nilichoona ni kofia ya sufu na kipande cha uso chenye makunyanzi. Sikuingia. Nilisimama mlangoni na kusema, mbele ya mama wengine wa wodi ile: "Mi nimepima malori miaka makumi tatu. Hii haiko kilo ya mutu. Usifunge moyo yako kwake. Na usimulete ku nyumba yangu kabla hajakuwa mutu."

Odile alivuta kitenge, akamfunika mtoto masikio.

Mtoto aliishi. Walimwita Grâce. Odile na mumewe wakahamia Likasi, na kwa miaka saba hakukanyaga kwangu. Mke wangu alikwenda kuwaona, akirudi aliweka mkoba chini bila kusimulia kitu, nami sikuuliza. Tuliishi hivyo, watu wawili katika nyumba yenye mlango ambao hatukuufungua.

*

Ugonjwa ulianza mwezi wa sita, wakati wa baridi yetu ya kiangazi, vumbi jekundu likiwa limelala juu ya kila jani. Kwanza ilikuwa baridi tu. Nilivaa koti, nikaongeza koti la pili. Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Odile, aliniwashia mbabula, jiko letu la makaa, barazani, nikaliinamia kama mtu anayechoma mahindi, na bado baridi ilitoka ndani ya mifupa. Kisha ladha ikaondoka. Bukari, ugali wetu, ikawa kama udongo mdomoni. Kisha usingizi. Kisha sauti: niliona watu wakiongea nami, lakini kujibu kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo, kama kusukuma lori lililozimika.

Mwezi wa tisa, joto lilipopanda na kila mtu akilala na madirisha wazi, mimi bado nilikuwa ndani ya blanketi, nimegeukia ukuta. Kwenye ukuta ule rangi ilikuwa imebanduka kwa umbo la jani la muhogo. Ningeweza kuuchora leo bila kuutazama. Suruali zangu zilianguka. Mke wangu alitoboa mshipi kwa msumari, tundu la kwanza, la pili, la tatu.

Majirani walisema nimerogwa na mtu aliyetaka kiwanja changu. Tukaenda kwenye nyumba ya maombi, nikafungishwa siku tatu bila chakula, mimi ambaye tayari sikuwa nakula. Siku ya tatu nilianguka katikati ya wimbo. Walishangilia, wakidhani pepo limetoka. Mama Odile alipita kati yao, akaniinua kwa makwapa, akamwambia mchungaji kwa heshima kwamba kilichoanguka ni mume wake, na kwamba anampeleka kwa masista.

*

Kituo cha afya cha masista kina ukumbi wa kungojea wenye mabenchi manne na dirisha linalotazama barabara ya malori. Kila lori likipita, kioo kinatetemeka. Nililikisia kila moja uzito bila kutaka. Wengine waliokuwa pale walikuwa vijana wenye kifafa, mwanamke mmoja aliyekuwa akizungumza na mkono wake mwenyewe, na mama mzee aliyemenya karanga na kumgawia kila mtu tatu tatu, hata wale ambao hawakunyoosha mkono. Alizitia zangu mfukoni mwa koti. Nilizikuta wiki iliyofuata nikazila. Kilikuwa chakula cha kwanza nilichokula bila kulazimishwa. Jina la mama yule silijui hata leo.

Muuguzi aliitwa Mama Régine, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na karatasi ndefu ya maswali, kwa ajili ya daktari wa akili anayekuja kutoka Lubumbashi mara moja kwa mwezi. Aliuliza kuhusu usingizi, pombe, misiba. Kisha akauliza:

"Na kuzaliwa, tata? Ulizaliwaka namna gani? Wakati ilikuwa imefika? Kilo ngapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mzee wa umri wangu si mtoto wa kupimwa. Akajibu kwa upole kwamba daktari anapenda kujua, kwamba mara nyingine namna mtu alivyoingia duniani inamwachia alama, nayo haionekani mpaka uzee umemchosha. Hiyo si hukumu, alisema, ni njia tu ya kumjua mgonjwa.

Basi nikajinyoosha. Nyumbani nina kadi ya wodi ya wazazi ya kambi ya kampuni ya migodi, ya zamani, yenye muhuri: mvulana, Donatien, kilo tatu na gramu mia nne. Nilikuwa naijua kwa moyo. "Kilo tatu na mia nne," nikasema. "Nilizaliwa muzuri, Kolwezi, mu matenite ya kampuni."

Mama Régine alinitazama juu ya miwani. "Mwanaume wa kilo tatu na mia nne. Na sasa uko mufupa na koti mbili. Sawa, tata. Naandika."

Alinipa vidonge, akaeleza kwamba havitafanya kazi mara moja, kwamba ningoje kama mtu aliyepanda mihogo. Nilivimeza siku kumi na mbili. Sikuona kitu, isipokuwa mdomo mkavu. Siku ya kumi na tatu nilianza kuvificha chini ya godoro, kimoja kimoja, nikimwambia mke wangu nimemeza. Ulikuwa ujinga, nao ulitoka mahali pale pale: mimi mtu wa mizani niliamua mwenyewe kwamba dawa haina uzito.

*

Mwezi wa kumi ndio ulikuwa shimo. Sitauandika wote. Nitasema tu kwamba alasiri moja, jua likiwaka, nilitambua kuwa nafikiria kufa kwa utulivu, kama mtu anayefikiria kwenda sokoni. Utulivu ule ndio ulionitisha. Wewe unayesoma, kama umefika hapo, usingoje jioni: mwambie mtu saa ile ile. Mimi nilimwambia mke wangu. Alikuwa akichagua mchele. Hakulia. Aliweka ungo chini, akafunga kitenge upya kiunoni, akainua godoro kana kwamba alijua tangu zamani, akavikusanya vidonge vyote mkononi, na tukaenda kwa miguu hadi kwa masista, yeye akinishika mkono wote, kuanzia bega hadi vidole.

Daktari wa Lubumbashi alikuwepo siku hiyo. Kijana, mwenye sauti ndogo. Alibadili dawa, akaagiza nije kila juma nionane na Mama Régine, na mke wangu ndiye ashike vidonge. Kisha akaipitia ile karatasi ndefu, akafika kwenye kuzaliwa.

Hapo Mama Odile, ambaye hakuwa ameongea, alisema neno lililonishangaza. Alisema: "Docteur, ile ya kilo mi siiamini. Kadi inasema Donatien, na mama mukwe, mpaka anakufa, hakumuita hata siku moja Donatien."

Nikamwambia mama aliniita Tata, yaani baba, kama mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Tata tu," akasema. "Hata mu hasira. Hata mbele ya padri. Mi nilikaa na ye miaka kumi na moja mu nyumba, nilisikia. Tuulize Ya Marthe."

Ya Marthe ni dada yangu mkubwa; Ya, au Yaya, ni heshima ya kumwita mkubwa wako. Aliolewa na mtu wa reli na amezeekea Tenke. Ana zaidi ya miaka themanini, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Nilikuwa sijamtembelea miaka minne. Hilo nalo niliweke kwenye makosa yangu.

*

Tulikwenda wiki ya mvua za kwanza. Dawa mpya ilikuwa na siku tisa mwilini mwangu. Barabara ilikuwa na harufu ya ardhi iliyolowa, na kando yake wanawake waliuza uyoga kwenye mabeseni. Niliona uyoga ule. Nasema niliuona, maana kwa miezi mitano nilikuwa natazama bila kuona.

Ya Marthe alinipapasa uso kwa vidole, kisha mabega, kisha mbavu.

"Umerudia kuwa vile ulikuwaka," akasema.

"Vile nilikuwaka lini, Yaya?"

Mke wangu akamweleza tulichojia: masista wanauliza nilizaliwa namna gani. Ya Marthe akatafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. Akauliza kama mama yetu amekufa. Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia, Yaya, mama amekufa miaka ishirini na zaidi.

"Najua. Nauliza sababu nataka kuisema kwa sauti. Alinikatazaka." Akashusha pumzi. "Weye hauko Donatien. Donatien alikufa."

Nitayapanga maneno yake kwa mfululizo, maana yeye aliyasema akirudi nyuma na kwenda mbele. Donatien alikuwa kaka yangu. Ndiye aliyezaliwa katika wodi ya kampuni, mnene, kilo tatu na mia nne, na kadi ni yake. Alipokuwa na mwaka mmoja na kitu, mama alimpeleka kaskazini, kwao, kumwonyesha kwa bibi. Ya Marthe alikuwa na miaka minane, alikwenda nao. Huko surua ikamchukua Donatien kwa siku tano. Walimzika hukohuko. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi saba. Wakati wa kurudi, ndani ya treni, uchungu ukaanza, na mkuu wa kituo cha Tenke akawashusha.

"Ulizaliwa mu nyumba ya fundi wa reli, juu ya gunia," Ya Marthe alisema. "Ulikuwa sawa kuku yenye banatoa manyoya. Haukulia. Mi nilikuogopa, nikakimbia inje. Na mama hakukutazama. Aligeukia ukuta. Siku mingi. Maziwa haikutoka, machozi haikutoka. Alikuwa na baridi, Tata, mu joto ya mwezi wa kumi. Balimufunika mablanketi, na alikuwa anatetemeka."

Mke wangu alinitazama. Mimi sikuweza kumtazama mtu. Nilikuwa nimelala vile miezi mitano, nimegeukia ukuta, natetemeka wakati wa joto, na kumbe mwanamke aliyenizaa alilala vile vile, na mimi nilikuwa pale, nyuma ya mgongo wake, kitu kidogo juu ya gunia.

Nikauliza, basi nani alinilea.

Ya Marthe akacheka, kicheko cha msichana wa miaka minane. "Mama Zaituni."

Karibu na kituo aliishi mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, Mwislamu kutoka Kasongo. Mkewe, Mama Zaituni, alikuwa na mtoto wake wa miezi minne. Alisikia kwamba katika nyumba ya fundi kuna mgeni aliyejifungua njiti na watu wanangoja mtoto afe ili wamzike. Aliingia bila kubisha. Alinichukua kwenye gunia, akanigeuza huku na huku kama mtu anayenunua samaki. Ya Marthe aliyashika maneno yake jinsi yalivyokuwa, kwa Kiswahili cha watu wa Kasongo: "Huyu bado hajafika. Basi tutammalizia huku nje."

Akavua blauzi, akanilaza kati ya maziwa yake, ngozi kwa ngozi, akanifunga kwa kitenge kimoja, na juu yake kingine. Mtoto wake mwenyewe akamhamishia mgongoni. Hivyo ndivyo alivyouza chumvi, mmoja nyuma, mmoja mbele. Alinikamulia maziwa mdomoni tone kwa tone, kwa sababu sikujua kunyonya. Alilala ameketi, ameegemea magunia. Mumewe aliniombea sikioni kwa Kiarabu, akasema jina nitapewa na wenyewe. Kazi ya Ya Marthe ilikuwa kuangalia mbabula isizime, na kila asubuhi kuchora mstari wa mkaa ukutani kuhesabu siku ambazo nimeamka hai.

"Ilikuwa mistari makumi saba," alisema. "Siku ya makumi saba mama aligeuka. Akasema, nileteeni. Mama Zaituni akakufungua, akakuweka ku kifua ya mama. Mi niliona mama analia. Mama Zaituni naye alilia, sababu kifua yake ilibaki na baridi."

Niliuliza kwa nini hawakuniambia. Alisema mama aliogopa kwamba nikimjua aliyenitangulia nitamfuata. Na baba, kwa upande wake, alikuwa na lake. Shule ya kambi ilipokea watoto waliozaliwa katika wodi ya kampuni tu, na mimi nilizaliwa njiani. Kifo cha Donatien hakikuandikishwa, kwa hiyo baba alitoa kadi yake, nikaingia darasa la kwanza kwa jina la marehemu, nikiwa mdogo kwa mwaka na nusu kuliko karatasi ilivyosema.

Nilikumbuka benchi la mbele. Siku zote nilikuwa mfupi kuliko wote, na mwalimu aliniambia mtoto wa umri wangu haogopi ubao. Maisha yangu yote nilijiona nimechelewa katika mbio ambazo wengine walizianza vizuri. Nilidhani ni udhaifu wangu.

Na kitu kingine kilikuja, kibaya zaidi. Nilipokuwa na miaka kama kumi, mama alinileta Tenke, nimevaa sare ya shule. Kwenye kituo mwanamke aliyejifunika mtandio alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaninusa utosini, muda mrefu. Nilimsukuma. Nilisema mimi si mtoto mdogo, na kwamba ananuka chumvi. Mama yangu alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku hiyo wala baada yake, na sikuelewa.

"Ndio ye," Ya Marthe alisema, kabla sijamaliza kusimulia. "Alicheka tu. Alisema: ana nguvu za kusukuma, alhamdulillahi."

Mama Zaituni alikufa zamani. Nyumba yake imekuwa mahali pa kuegesha malori. Nilisimama pale kwenye manyunyu, matairi yakinizidi kimo, na kwa mara ya kwanza sikukisia uzito wa hata lori moja. Nilikuwa nafikiria kitu chenye uzito wa mikate miwili, kilichotembezwa mahali pale kati ya ngozi na kitenge, mchana na usiku, na mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kukibeba. Nimekwenda kanisani tangu utotoni na nimesikia mengi. Sijawahi kuogopa kwa namna ile, woga mzuri, unaokufanya uvue kofia bila kuambiwa.

*

Mtu asinielewe vibaya. Hadithi haikuniponya. Niliendelea na vidonge, mke wangu akivishika, nikaendelea kwenda kwa Mama Régine kila juma katika mvua zote, viatu vikiwa na tope. Asubuhi zingine bado zilikuwa nzito. Karibu na Noeli nilisikia ladha ya embe. Mwezi wa pili nilijinyoa mwenyewe. Mshipi ukarudi tundu moja. Mama Odile alinitania kwamba kumbe aliolewa na mtoto, kwa kuwa nimepungua mwaka na nusu, na kwamba anadai mahari irekebishwe kwa faida yake.

Lakini kuhusu Odile sikuweza kungoja dawa. Nilimpigia simu siku mbili baada ya Tenke. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Aliposema alo, yote yalitoroka. Nikasema: "Odile, ni miye. Nilizaliwa sawa Grâce. Sikujua. Na hata ningejua ao ningekosa kujua, ile nilisema ku mulango ilikuwa mubaya."

Nilisikia mtoto akisoma kwa sauti nyuma yake. Kisha simu ikakatika. Mke wangu alisema labda mtandao. Wote wawili tulijua si mtandao.

Alikuja wakati wa Pasaka, bila kutuarifu. Alisimama mlangoni, mkoba begani, na hakuingia. Nilielewa. Alisimama pale niliposimama mimi. Msichana mrefu mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka alikuwa amemshika mkono.

"Tata," Odile alisema, "yeye amekuwa mutu sasa? Tunaweza kuingia?"

Mke wangu alitaka kusema kitu, nikamzuia kwa mkono. Nilisema alikuwa mtu tangu siku ile, na asiyekuwa mtu kamili pale mlangoni nilikuwa mimi. Nilimwomba aniruhusu nimsimulie, hata akibaki amesimama. Nikamsimulia: gunia, ukuta, Mama Zaituni, mistari ya mkaa. Nilipofika kwenye mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, Odile alitua mkoba.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Makumi saba."

"Mi nilifanya makumi tano na mbili." Akajishika kifuani, pale pale. "Mugongo ilikuwa sawa inavunjika. Na ule mama hakukujua hata."

Hakusema amenisamehe. Alisema hilo si lake peke yake, nimuulize mwenyewe. Nikapiga magoti, kwa shida, nikamwomba Grâce radhi kwa neno baya nililosema alipokuwa mdogo sana. Alinitazama kwa umakini wa mtoto anayepewa jambo la wakubwa.

"Kambo," akasema, akiniita babu kwa mara ya kwanza, "ulikuwaka na kilo ngapi?"

Nikamwambia hatujui. Hapakuwa na mizani.

"Mi balinipima," akasema, akimgeukia mama yake kwa fahari. "Ye hapana." Kisha akapita kando yangu, akaingia ndani kutafuta bibi yake amechemsha nini.

*

Odile alikaa siku sita. Ya tano ilikuwa siku ya daktari, akasema atanisindikiza. Tulikaa kwenye benchi la dirishani. Kioo kilitetemeka, malori yakapita. Alinishika mkono kwa nje, kisha akaingiza vidole vyake ndani ya mkono wa koti, akapapasa.

"Haina baridi," akasema.

Mama Régine alituita. Karatasi ndefu ilikuwa mezani, na jibu langu la kuzaliwa limefutwa kwa mstari, kwa sababu nilikuwa nimemwomba afute kilo tatu na mia nne. Zile ni za kaka yangu. Misa ya Donatien ilisomwa wiki iliyotangulia, kwa jina lake, na mimi nimebaki nalo kwa karatasi tu. Nyumbani naitwa Tata.

"Basi tumalize hii," Mama Régine alisema, akirekebisha uzi wa miwani. "Fasi?"

Tenke, nikasema, kwenye nyumba ya fundi wa reli.

"Miezi?"

Saba.

"Kilo?"

Nikafungua mdomo, na mimi, ambaye nimesoma mizani miaka thelathini, sikuwa na namba. Kalamu ilingoja. Odile aliinama mbele, akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu.

"Andika hapa," alisema, "alibebwa."

Mama Régine alitutazama, mmoja kisha mwingine. Akaandika.